Damu chooni: jibu lisiishie kwenye amiba

Mjini Kalemie, mtu akiona damu kwenye choo, njia yake inajulikana. Anaenda kituo cha afya, choo kinapimwa kwa darubini, anaambiwa ni amiba, anapewa metronidazoli. Damu ikirudi, anaambiwa ni minyoo au bawasiri. Ikirudi tena, jamaa wanaanza kusema amerogwa. Miezi inapita.

Mara nyingi jibu la kwanza ni sahihi. Mji uko kando ya ziwa Tanganyika, na bilharzia ya matumbo, minyoo na kuhara damu ni magonjwa ya kila siku. Lakini damu chooni, kukonda na kupungukiwa na damu ni dalili pia za kansa ya utumbo mpana. Kwa mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilihesabu wagonjwa wapya zaidi ya milioni 1.9 ulimwenguni na vifo zaidi ya 930 000. Ikigunduliwa mapema, upasuaji unaweza kuiponya. Ikichelewa, inafika kwenye ini.

Kutibu amiba si kosa. Kosa ni kurudia dawa ileile mara tatu bila kuuliza swali lingine.

Maswali hayo mengine hayahitaji mashine kubwa. Kipimo cha wingi wa damu kinaonyesha kama mgonjwa anapoteza damu polepole. Mwanaume wa miaka 55 aliyepungukiwa na damu asiambiwe tu kwamba ni malaria. Kipo pia kipimo cha kutafuta damu isiyoonekana kwa macho ndani ya choo. Mwaka 2019, OMS iliingiza vipimo vya kansa hii kwenye orodha yake ya vipimo vya lazima. Ni kweli kwamba kipimo hicho kinasema damu ipo, hakisemi imetoka wapi, na penye bilharzia kinaweza kuchanganya. Ndiyo sababu bilharzia itafutwe na kutibiwa, kisha kipimo kirudiwe.

Familia zijihadhari na jambo moja. Kipimo cha damu kiitwacho ACE hakitoshi kuthibitisha kansa. Kinaweza kupanda kwa mvuta sigara au mgonjwa wa ini, na kinaweza kubaki chini kwa mtu mwenye kansa. Kazi yake kubwa ni kumfuatilia mgonjwa aliyekwisha kujulikana.

Kinachothibitisha ni kipande kidogo cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe na kusomwa na mtaalamu. Uvimbe ulio karibu na njia ya haja kubwa, daktari anaweza kuugusa kwa kidole. Ulio juu zaidi unahitaji kamera. Wataalamu wa kusoma nyama hizo ni wachache nchini, na wengi wako miji mikubwa kama Kinshasa na Lubumbashi.

Hapo ndipo serikali ya jimbo ina la kufanya. Kipande hicho kikiwekwa kwenye formalini kinasafiri siku kadhaa bila barafu. Si lazima mgonjwa auze shamba au mtumbwi ili asafiri yeye mwenyewe kabla hata ya kujua anaumwa nini. Tanganyika imezoea kutuma sampuli za kipindupindu mbali ili zithibitishwe. Njia ya namna hiyo iwekwe kwa kansa: formalini na chupa hospitalini, siku maalumu ya kutuma, bei inayojulikana, na mtu mmoja mwenye jukumu la kuhakikisha majibu yanarudi.

Wauguzi nao wawe na kanuni rahisi: damu ikirudi baada ya matibabu, mgonjwa apelekwe kwa daktari, hasa akiwa amepita miaka 45 au kuna ndugu yake aliyewahi kuugua kansa hiyo. Na mgonjwa asione haya kusema. Daktari hawezi kutafuta asichoambiwa.