Tuhesabu na Wanaokufa

Usiku wa kuamkia Agosti 23, 2022, Tanzania ilijihesabu ikajikuta na watu 61,741,120. Miaka kumi nyuma tulikuwa 44,928,923. Tumeongezeka watu zaidi ya milioni 16, na asilimia 34.9 yetu walikuwa wakazi wa mijini. Mkoa wa Dar es Salaam peke yake ulikuwa na watu 5,383,728.

Makarani wa sensa walifanya kazi yao, na tunawapongeza. Lakini sensa huja mara moja kwa miaka kumi, na mji hausubiri. Palipokuwa na mikorosho mwaka ule, leo pana vyumba vya kupanga, vyoo vya shimo na visima vya kuchimba, na zahanati ni ile ile. Anayeagiza dawa kwa hesabu ya 2022 anawaagizia waliokwisha kuhama na kuwasahau waliohamia.

Pengo hilo huzibwa na daftari la vizazi na vifo, na hapo ndipo tumelala. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90 na kifo ndani ya siku 30. Wengi wetu hukumbuka cheti cha kuzaliwa mtoto anapotakiwa shuleni au anapoomba mkopo wa chuo. Cheti cha kifo hukumbukwa mirathi inapofika mahakamani. Marehemu asiyeacha nyumba wala akaunti ya benki, nani atamhangaikia cheti? Ndiyo maana vifo vya maskini havijulikani, na ndivyo vilivyohitaji kujulikana kwanza.

Mjini kuna kasoro nyingine. Mtu anaugua Mbagala, Dar es Salaam, na hali ikiwa mbaya ndugu wanampeleka kwao mkoani akauguzwe, anafia huko na kuzikwa huko. Kifo chake kikiandikwa, kitaandikwa huko. Kisima kilichomlisha maradhi kimebaki Mbagala, na majirani wanaendelea kuchota.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uliripoti vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Ni habari njema. Ila tujue namba hizo hupatikanaje: wanawake huulizwa kuhusu dada zao waliofariki. Njia hiyo inakubalika duniani kote pale daftari la vifo linapopwaya, na inatosha kuonyesha nchi inaelekea wapi. Haitoshi kumwambia mganga mkuu wa wilaya ni kata gani akina mama wanafia njiani.

Si kwamba hatujui faida ya kuhesabu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Rufiji na Morogoro, wakusanya takwimu walipita nyumba kwa nyumba wakiandika nani kazaliwa, nani kafa, na alikufa akiwa na dalili gani. Halmashauri zilipoona hesabu ziligundua kwamba malaria na maradhi ya watoto yalikuwa yakiua kwa wingi huku yakitengewa fungu dogo la bajeti. Zikahamisha fedha, zikaongeza kidogo tu juu yake, na vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache.

Kwa vizazi tumeanza vizuri. Tangu 2013, kuanzia Mbeya, watoto wa chini ya miaka mitano wamekuwa wakisajiliwa na kupewa vyeti bure kwenye vituo vya tiba na ofisi za kata. Mzazi hafungi safari ya makao makuu ya wilaya tena. Tunataka vifo vitendewe hivyo hivyo. Kifo kiandikwe kwenye kata, bila ada, siku ile ile kibali cha mazishi kinapotolewa. Fomu iulize marehemu alikuwa akiishi wapi, isiulize alipofia tu. Na taarifa zifike mezani kwa mganga mkuu kila mwezi, zisikae kabatini zikingoja mkaguzi.

Hayo hayadai mashine za mabilioni. Yanadai mtendaji aliyepo ofisini, fomu isiyoisha, na mfiwa asiyeambiwa arudi kesho.

Msomaji nawe una sehemu yako. Ukifiwa, usingoje ugomvi wa mirathi ukufundishe thamani ya cheti. Kabla matanga hayajaanuliwa, mtumeni kijana mmoja ofisi ya kata akaandikishe. Jina hilo moja, na maradhi yaliyomchukua mwenye nalo, huenda ndiyo yatakayomfanya mganga mkuu akitazame kisima cha jirani yako.