Afya ya Nyumba Zetu: Kongosho na Dhana Mbaya

Mwezi huu twapenda kuwazungumzia wasomaji wetu ugonjwa uumizao mara mbili: kwanza huumiza mwili, kisha huumiza heshima ya mtu nyumbani kwao.

Na tumfikirie kijana mkulima wa Miono, katika Mkoa wa Pwani. Kila alapo, tumbo la juu humkata, na maumivu hupenya mpaka mgongoni. Akonda, na choo chake ni cha mafuta. Jirani mmoja asema ni chango, mwingine asema ni vidonda vya tumbo. Miezi yapita katika mizizi na vidonge. Mwishowe apanda gari, apita Chalinze, afika hospitali kubwa Dar es Salaam. Daktari amwuliza mbele ya baba yake: "Je, wanywa pombe?" Tangu siku hiyo nyumba nzima humtazama kwa jicho la shaka.

Daktari ana haki ya kuuliza, maana pombe ni sababu kubwa ya ugonjwa huu, na tumbaku huuzidisha. Lakini si sababu pekee. Mwaka 1960 daktari A. G. Shaper, aliyefanya kazi Uganda, aliandika juu ya maradhi ya kongosho na upungufu wa protini katika chakula. Katika nchi za joto yajulikana maradhi ya namna hii yawapatayo hata vijana wasiopata kuonja pombe. Wengine huyarithi katika ukoo. Wako waliotuhumu mihogo, lakini haikuthibitika. Basi kumhukumu kijana kwa sababu ya swali la daktari ni dhana tupu, na dini yetu yatukataza dhana mbaya.

Kongosho ni tezi iliyolala nyuma ya mfuko wa chakula, urefu wake kama sentimita 15. Hutoa maji ya kusaga chakula, zaidi ya lita 1 kwa siku, yapitayo katika mfereji mwembamba hadi utumbo mdogo. Tena hutoa insulini, iongozayo sukari ya mwili. Mfereji huo ukizibwa na vijiwe au makovu, maji hukosa njia, mfereji hufura, na maumivu huzidi. Baadaye kisukari huweza kufuata.

Wataalamu wana njia kadhaa za kuuzibua. Ya kwanza ni kupitisha mpira wenye taa kinywani mpaka kwenye mlango wa mfereji, na kutia humo mrija mdogo. Mlango usipopitika, iko njia ya pili, ambayo madaktari wa Brussels, Ubelgiji, waliieleza mwaka 2002. Ncha ya mpira huwa na chombo cha mawimbi ya sauti. Daktari, akiwa ndani ya mfuko wa chakula, huuona mfereji uliofura ng'ambo ya ukuta. Huuchoma kwa sindano, hupitisha waya, kisha huacha mrija ili maji yamiminike ndani ya mfuko wa chakula. Kazi hii ina hatari: maji huweza kuvuja, damu kutoka, au mrija kuhama. Kwa hiyo ni ya mafundi wachache waliozoea.

Hata hivyo asiyeweza kufika kwa mafundi hao asikate tamaa. Uko upasuaji wa kuufungua mfereji na kuushona na utumbo. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2007 ulionyesha kuwa uliondoa maumivu zaidi kuliko njia ya mpira. Wazazi na wamwulize daktari wa rufaa habari zake.

Nasi twawausia wazazi: maumivu ya namna hii yasingojwe. Mgonjwa na apewe nafasi ya kusema na daktari faraghani, apimwe sukari, na mwezi wa Ramadhani asione haya kuitumia ruhusa aliyopewa mgonjwa. Na hata ikiwa kweli alikunywa, anahitaji tiba na nasaha, wala si kutengwa. Kijana aliyevunjwa moyo na wa kwao hukawia kurudi hospitali, na ugonjwa haumngojei.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atulinde na dhana mbaya. Amin.