Insha Ianzie Nje ya Darasa

Si jambo geni kwa mwalimu wa Kiswahili kuketi na rundo la insha na kukuta kwamba nyingi zimeanza kwa jogoo kuwika, jua kuchomoza na ndege kuimba kwa sauti nyororo. Mtoto hakumsikia jogoo huyo. Alimpata katika insha ya mfano iliyoandikwa ubaoni, na mwalimu aliyeiandika ubaoni aliipata kwa mwalimu wake. Tumepata kusoma, katika shule moja ya kisiwani, habari ndefu ya simba iliyoandikwa na mtoto ambaye babake husuka madema ya kuvulia samaki. Katika daftari lote la mtoto huyo hapakuwa na dema hata moja.

Watu husema kwamba mtoto wa namna hii hana ubunifu. Kwa maoni yetu hukumu hiyo ni ya haraka, tena ina madhara. Mtoto aliyezoezwa kwa miaka kadhaa kuinakili insha ya mwingine hujifunza pia jambo ambalo hakuna mwalimu aliyekusudia kumfundisha, yaani kwamba kazi ya wazazi wake, lugha ya jirani zake na njia aipitayo kila asubuhi si mambo yanayostahili kuandikwa. Akishaliamini hilo, pengine atafaulu mtihani, lakini kalamu haitakuwa yake.

Basi na atolewe nje. Wako watakaosema kwamba shauri hili ni la zamani, kwani tangu Mwalimu Nyerere alipoitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule za Tanzania zilitakiwa kushikamana na maisha ya watu wanaozizunguka. Ni kweli. Lakini mara nyingi wanafunzi walitoka na majembe tu. Shamba lilikuwa mahali pa jasho, na penginepo mahali pa adhabu, na aliporudi darasani mtoto hakuulizwa ameona nini huko. Kutoka tunakokusema hapa kuna kazi nyingine.

Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha huelekea kuwaambia watoto, "Tembeeni, mtazame kila kitu, kisha tutaandika." Mtoto aliyeambiwa atazame kila kitu hurudi na orodha: niliona miti, niliona ng'ombe, niliona watu wengi. Wapeleke mahali pamoja, kwa dakika 20, wakiwa na swali moja.

Tuseme ni kwa fundi baiskeli chini ya mwembe, na swali ni hili: fundi anajuaje tundu liko wapi? Sasa watoto wana sababu ya kutazama. Wataona anavyoutoa mpira wa ndani, akautia upepo kwa pampu, akauzamisha kidogo kidogo katika beseni la maji. Mahali penye tundu maji yatatoa mapovu. Fundi ataweka kidole hapo, ataukausha mpira, ataukwaruza kwa msasa, atapaka solusheni na kungoja kabla ya kubandika kiraka. Huko kungoja ndiko tunakokupenda zaidi. Mtoto aliyekaa nyumbani angeandika, "Fundi alitengeneza baiskeli." Aliyekwenda atajua kwamba fundi hupuliza ile solusheni, huizungumzia bei, humtania mwenye baiskeli, wala habandiki mpaka imekauka kiasi. Tena ataipata lugha ya kazi hiyo kinywani mwa mwenye kazi, jambo ambalo orodha ya msamiati ubaoni haiwezi kulifanya.

Ukikosa fundi, yuko mama achomaye vitumbua, iko foleni ya ndoo bombani. Hata dirisha la ofisi ya mwalimu mkuu lina upande wake wa nje.

Wenye shaka huuliza: je, huku si kunakili mambo yalivyo? Ubunifu uko wapi? Tunawakumbusha Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Alipokuwa kijana alitembeza vyungu akiviuza, na sauti yake ya kuvinadi ndiyo iliyowajulisha wanunuzi kwamba yuaja. Baadaye, alipokwisha kuwa mwimbaji ambaye sauti yake ilitiwa katika santuri huko Bombay mwaka 1928, nyimbo zake nyingi zilitaja mambo yaliyotukia mitaani na mahakamani. Shaaban Robert aliona maisha hayo yanafaa kuandikiwa kitabu. Muyaka bin Haji wa Mombasa naye, kabla yake, alitunga juu ya siasa, biashara na majirani wa mji wake. Hatujui mtu awezaye kusema kwamba hao walikosa ubunifu kwa kuwa walitazama.

Jambo la kuangalia ni kwamba insha isidaiwe siku ile ile. Tarehe 15 Aprili 1802, huko Uingereza, Dorothy Wordsworth na kaka yake William walipita kando ya ziwa Ullswater wakaona maua ya manjano yakiyumbishwa na upepo. Dorothy aliyaeleza katika shajara yake. Shairi la William juu ya maua hayo lilitungwa yapata miaka miwili baadaye, likachapwa mwaka 1807. Hatudai miaka miwili kwa darasa la tano. Siku mbili zatosha. Siku ya kwanza mtoto aandike maneno kumi tu kwenye karatasi: alichosikia, alichonusa, neno moja alilolisema fundi. Siku ya pili ndipo aandike, naye ana ruhusa ya kumbadilisha fundi awe mzee, au awe mwanamke, au mpira ule ugome kuzibika.

Ugumu upo, wala hatuuficha. Watoto 80 hawatamzunguka fundi mmoja; watoke kwa mafungu, mengine yakibaki na kazi ya kusoma chini ya kiongozi wa darasa. Mwalimu mkuu aonyeshwe andalio la somo mapema, maana akiona watoto barabarani bila habari atadhani wametoroka, na hatutamlaumu. Naye fundi aombwe kwa adabu siku moja kabla, kwa kuwa pale ni mahali pake pa riziki.

Kabla ya hayo yote, mwanachuo aende mwenyewe Jumamosi, peke yake, na daftari dogo. Aketi dakika zile zile 20 na aandike maneno yake kumi. Akiyakosa, atafute mahali pengine pa kuwapeleka watoto.