Wimbo ni wa aliyeandikwa



Najua nimekuwa kimya wiki kadhaa. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimerudi nyumbani bila kuaga. Jamani, nipo. Nilikuwa barabarani, halafu nilikuwa na hasira, na nimejifunza kutoandika nikiwa na hasira. Sasa imepoa kidogo, kwa hiyo tuzungumze. Leo mada ni muziki, au tuseme karatasi za muziki.

Wasomaji wa siku nyingi wanaijua bendi yetu. Tuko saba: watatu hapa Louisville, wawili Columbus, wawili Buffalo. Watanzania, Wakongo na Mrundi mmoja. Hatuishi kwa muziki, kila mtu ana kibarua chake. Lakini ikija harusi au sherehe ya mtoto kumaliza shule, tunakusanyika na kupiga rumba mpaka wazee wanavua makoti. Mimi napiga gitaa la rizimu na kutunza daftari la fedha.

Basi safari hii ilikuwa harusi ya Buffalo. Wakati wa mapumziko kijana mmoja akanisogelea kwa adabu. "Shikamoo mzee. Ule wimbo mliofungulia ni wa nani vile? Huwa nausikiliza kila siku." Nikamwambia ni wetu. Akacheka, akatoa simu. Nikasikia sauti ya mwimbaji wetu. Nikasikia solo la ndugu yetu wa Columbus. Hata rizimu langu lilikuwepo, na pale nilipokosea kidogo. Ila jina lililoandikwa, kama mwimbaji na kama mtunzi, lilikuwa la prodyuza aliyeturekodi miaka miwili iliyopita. Tulimlipa taslimu, hatukudai risiti, hatukusaini chochote. Alituambia atatutumia kazi ikikamilika. Kumbe ilikamilika zamani!

Kijana akaniuliza, kwa nia njema kabisa, "Kwa hiyo nyie mnaimba nyimbo za huyu jamaa?" Sikuwa na jibu.

Kesho yake tukashuka kusini. Kutoka Buffalo hadi Louisville kupitia Columbus ni maili zaidi ya 500, unapata muda wa kutosha wa kumlaani mtu. Tukasimama Columbus kwa mpiga solo wetu, upande wa Northland, mtaa ambao siku hizi ukitembea unasikia Kisomali kuliko Kiingereza. Mkewe akatupikia, tukala, halafu tukafungua kompyuta. Marekani ina sheria ya mwaka 1998 inayomruhusu mwenye kazi kuuandikia mtandao na kudai kazi yake iondolewe. Ni fomu fupi tu. Inakuuliza kazi ni ipi, iko wapi, na mwenye haki ni nani. Kisha unathibitisha kwamba husemi uongo, na ukidanganya sheria inakubana wewe.

Hapo kwenye "mwenye haki ni nani" ndipo tulipokwama.

Mwimbaji akasema maneno ni yake. Mpiga solo akasema maneno yalikuja baadaye, wimbo ulianza na gitaa lake. Mpiga ngoma, ambaye kwa kawaida haongei, akasema kiitikio alikiimba yeye kwenye gari tukitoka Cleveland, na sisi wote tulikuwepo. Kila mmoja alikuwa anasema kweli anayoikumbuka. Nikauliza kama kuna aliyeandika mahali popote. Hakuna. Mpiga solo akaniambia kwa upole, "Ndugu, sisi tuko jamaa moja. Karatasi ni ya nini?"

Tulikuwa tumepanda gari tukimwita mtu mwizi siku nzima. Tulipoulizwa aliyeibiwa ni nani, tukaanza kutazamana.

Nilipofika nyumbani nikamkumbuka Pee Wee King. Wengi wenu hamtamjua, ingawa nyimbo zake huenda mmezisikia. Waliokulia Afrika Mashariki enzi za redio ya mbao wanaujua muziki wa kantri hata kama hawajui jina lake. Jim Reeves alikuwa kama jirani yetu. Sasa mimi naishi katika mji ambao mmoja wa wakubwa wa muziki huo aliufanya kwao, na alifariki hapa hapa mwaka 2000.

Jina lake la kuzaliwa ni Julius Frank Anthony Kuczynski. Huyo ni mtoto wa Wapolandi wa Wisconsin, aliyezaliwa mwaka 1914, na baba yake alikuwa mpiga muziki wa polka. Yeye alipiga kodiani. Jina la Pee Wee, yaani mfupi, alipachikwa na Gene Autry, yule mwimbaji wa filamu za ng'ombe na bastola, walipokuwa wakifanya kazi pamoja. Mwaka 1934 Autry akamleta Louisville. Miaka miwili baadaye King akaunda bendi yake, Golden West Cowboys, na kuanzia 1937 hadi 1947 wakapiga kwenye kipindi kikubwa cha redio cha Nashville, Grand Ole Opry. Eddy Arnold alikuwa mwimbaji wa bendi hiyo kabla hajawa nyota mwenyewe. Wahafidhina walinung'unika kwa sababu King alileta ngoma na gitaa la umeme mahali ambapo vilionekana uhuni. Mwaka 1947 akarudi Louisville, akapata kazi kwenye redio ya WAVE, na baadaye televisheni yake.

Kilichonifanya nimkumbuke ni kibiriti. Mwaka 1946 King na mwimbaji wake Redd Stewart walikuwa safarini usiku ndani ya lori la vyombo. Redioni wakasikia wimbo wa Bill Monroe wa waltz ya Kentucky. Wakajiuliza mbona Tennessee haina waltz yake. Bendi ilikuwa na muziki wa waltz ambao haujapewa hata jina. Stewart akachukua boksi la kibiriti, akalipasua, akaandika maneno juu yake. Ndivyo walivyosimulia wenyewe kuzaliwa kwa "Tennessee Waltz".

Mtu wa bendi yetu angeishia hapo, na kibiriti kingetupwa. Wao walikipeleka Nashville kwa Acuff-Rose, kampuni ya kuchapisha nyimbo iliyoanzishwa mwaka 1942, ukasajiliwa kwa majina mawili: King na Stewart. Mwishoni mwa 1947 bendi ikaurekodi kwa kampuni ya RCA Victor, na mwaka 1948 ukafanya vizuri kwenye soko la kantri. Lakini mambo makubwa yalikuja 1950. Mwimbaji Patti Page aliurekodi kama wimbo wa upande wa pili wa santuri ya Krismasi, yaani ule upande ambao hakuna anayetarajia kitu. Watu wakaugeuza. Ukauza mamilioni. Mwaka 1965 jimbo la Tennessee likaufanya wimbo rasmi wa jimbo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wetu tunapotea. Kazi moja ya muziki ina haki mbili. Kuna haki ya rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa studio. Na kuna haki ya utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo wenyewe. Rekodi ya Patti Page haikuwa ya King wala Stewart. Utunzi ulikuwa wao. Na hapa Marekani redio za kawaida hazimlipi mwimbaji wala mpiga vyombo santuri yake inapopigwa, zinamlipia mtunzi na mchapishaji wake. Ndiyo maana mtoto wa Wapolandi na mwimbaji wake waliendelea kula matunda ya wimbo wao kwa kinywa cha mtu mwingine. Bendi inaweza kuzeeka ikaacha kupiga, jina likiwa kwenye karatasi linaendelea kufanya kazi.

Lakini msidhani nawaletea hadithi ya malaika. Kwenye maktaba ya muziki ya WAVE hapa Louisville alikuwepo mama mmoja, Chilton Price. Alikuwa anatunga nyimbo ila hana bendi, hana kampuni, hana njia. Akampa King wimbo uitwao "Slow Poke". Bendi ikaurekodi, na mwaka 1951 ukashika namba moja nchi nzima kwenye kantri, na kwenye pop pia ukafanya vizuri. Uliandikwa kwa majina matatu: King, Stewart na Price. Halafu ukaja "You Belong to Me", vilevile majina matatu. Jo Stafford aliuimba mwaka 1952, na mapema 1953 akawa mwanamke wa kwanza kushika namba moja kwenye chati ya Uingereza. Inafahamika kwamba nyimbo hizo kimsingi zilikuwa za Price. Wale wanaume wawili waliwekwa kwa sababu wao ndio waliokuwa na mlango wa kuzitolea nje.

Ni haki hiyo? Kwangu mimi si haki. Mwenye mlango alijilipa kwa jasho la mwenye wimbo. Lakini mlinganishe Price na sisi. Yeye alijua anatoa nini na anapata nini. Jina lake lilibaki kwenye karatasi, fungu lake lilikuwa lake, na leo, miaka zaidi ya 70 baadaye, naweza kukaa hapa nikamtetea kwa sababu kuna pa kuanzia. Sisi tulitoa vyote kwa undugu, na hatuna pa kuanzia.

Historia yetu imejaa mambo haya. Utazameni "Malaika". Fadhili William wa Kenya aliurekodi Nairobi miaka ya mwanzo ya 1960. Dunia nzima ikauimba, kuanzia Miriam Makeba hadi Boney M. Yeye mwenyewe aliishi hapa Marekani miaka mingi kabla ya kurudi Kenya, akafariki 2001. Mpaka leo watu wanabishana aliyeutunga ni nani hasa, na wapo wazee wengine waliosema ni wao. Wimbo maarufu kuliko zote za Kiswahili, na hatukubaliani ni wa nani! Kwetu Tanzania bendi ziliingia studio za RTD, zikarekodi, kanda zikabaki redioni na wanamuziki wakarudi kwenye dansi la Jumamosi. Waliotaka santuri walikwenda Nairobi, kwa sababu hatukuwa na kiwanda. Wangapi katika wale walitoka na karatasi mkononi?

Najua mtasema nimekuwa Mzungu. Mpiga solo wetu ameshaniambia. Kwamba kudai maandishi kwa ndugu ni kumwambia humwamini. Mimi naona kinyume. Tuliandika nani alikopa dola 40 za mafuta, daftari ninalo, na hatujawahi kugombana kwa ajili ya mafuta. Tumegombana kwa ajili ya kitu pekee ambacho hatukukiandika. Ndugu wanaopendana ndio wanaopaswa kuandikiana, tena mapema, wakati wimbo bado hauna thamani na kila mtu anacheka.

Na siku hizi kisingizio kimepungua. Ofisi ya hakimiliki ya Marekani inasajili kwa intaneti, na ada ya wimbo mmoja haifiki dola 100. Kazi ya hapa huwezi kuipeleka mahakamani kabla hujaisajili, na ukisajili umechelewa, kuna fidia ambazo hutazipata. Sheria ya mwaka 2018 ilianzisha chombo cha kuwakusanyia watunzi fedha za nyimbo zinazosikilizwa mtandaoni, The MLC, kikaanza kazi rasmi Januari 2021, na kujiunga ni bure. Fedha za nyimbo ambazo mwenyewe hajulikani huwa zinakaa zikingoja. Na watunzi wa pamoja wasipoandikiana, sheria ya hapa kwa kawaida huwahesabu sawa kwa sawa, hata kama mmoja aliimba kiitikio tu kwenye gari. Hamkupanga nyie, sheria itawapangia.

Sisi tumefanyaje? Tulikutana tena Louisville, wote saba, tukakaa na daftari jipya. Wimbo mmoja baada ya mwingine. Ilichukua saa tano na nusura wawili wavunje urafiki. Yule mpiga ngoma kimya amepata fungu lake la kiitikio, na mwimbaji alikubali shingo upande. Wote tumetia sahihi. Fomu tumeituma. Bado hatujajibiwa, na prodyuza hapokei simu. Labda tutashinda, labda wimbo ule umekwenda. Lakini nyimbo nne mpya ambazo hazijarekodiwa, hizo zina wenyewe.

Nanyi mlioko Dallas, Minneapolis, na nyie wa kwaya hasa, maana kwaya ndizo zinazoliwa zaidi: wimbo wenu wa mwisho umeandikwa kwa jina la nani? Jibuni hapa chini, na msiniambie "sisi ni jamaa moja".

Nawasilisha.