Ridhaa ya Nani?

Juzi mwenzetu mmoja aliyepelekwa Marekani, sasa yuko Jackson, Mississippi, alitutumia picha ya kombe la Conerly, na kundi zima likajaa vidole gumba. "Oneni wenzetu wanavyothamini vijana!" Mimi sikuweka kidole. Naomba nieleze kwa nini, na mkitaka kunirushia mawe mnirushie nikimaliza.

Kwanza kombe lenyewe. Tangu 1996, kila mwaka jimbo la Mississippi linamtuza mchezaji wake bora wa vyuo katika mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa kofia ngumu na kukimbia na mpira mkononi. Limepewa jina la Charlie Conerly, aliyechezea Chuo Kikuu cha Mississippi, wenyewe wanakiita Ole Miss, halafu akaenda New York Giants. Eli Manning alilichukua. Dak Prescott wa Mississippi State alilichukua 2014 na tena 2015. Kitu kimoja nakisifu bila kinyongo: kila chuo cha miaka minne chenye timu kinapeleka jina moja, hata kile kidogo kabisa. Millsaps, chuo ambacho kwa kanuni za daraja lake hakitoi udhamini kwa ajili ya michezo, kilishawahi kutoa mshindi, Juan Joseph.

Lakini mbele ya jina la Conerly kuna jina jingine: C Spire. Hiyo ni kampuni ya simu. Sasa sikilizeni. Mpaka tarehe 30 Juni 2021, kijana anayeshindania kombe hilo alikatazwa na NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kupata hata dola moja kwa jina lake mwenyewe. Kuuza saini yake, hapana. Kutokea kwenye tangazo la duka la viatu, hapana. Akijaribu, anafungiwa. Kampuni inatangaza jina lake jukwaani, vyuo vinauza jezi zenye namba za nyota wao, televisheni inalipia mechi. Yeye anapewa ada, chakula, kitanda, na kombe ashike apigwe picha. Mwaka 2015 kocha wa Prescott, Dan Mullen, alikuwa analipwa mamilioni ya dola kwa mwaka. Pale uwanjani nani alikuwa anagongwa?

Eti huo ni mchezo wa ridhaa. Ndivyo watangazaji wetu wa redio wanavyouita mchezo usiolipwa. Ridhaa ya nani jamani? Mtu anaridhia pale anapoweza kukataa. Kijana wa familia maskini kule Mississippi, ambaye mpira ndio mlango wake pekee wa chuo, akatae aende wapi?

Najua kuna atakayeniambia: mbona Prescott sasa analipwa dola milioni 60 kwa mwaka? Kweli, ndio mkataba wake wa 2024. Lakini anayemlipa ni Dallas Cowboys, sio kombe. Na takwimu za NCAA wenyewe zinaonyesha kwamba katika wachezaji mia wa vyuo hawafiki wawili wanaoingia ligi ya kulipwa. Magoti ya wale wengine nani anayalipia?

Na hali haikubadilika kwa huruma. Wachezaji walienda mahakamani. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 9 kwa 0, iliwapa ushindi katika kesi inayobeba jina la Shawne Alston, mchezaji wa zamani wa West Virginia. Kesi ilihusu manufaa ya masomo tu, ila ukuta ulishapata ufa: siku kumi baadaye marufuku ya kufaidika na jina lako ikaondolewa. Kesi nyingine nayo ikaisha, na kuanzia 2025 vyuo vya daraja la kwanza vilivyokubali mpango huo viliruhusiwa kuwagawia wachezaji wao, kila chuo hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Hizo pesa hazikushuka mbinguni. Zilikuwepo siku zote. Tena tuliambiwa mchezo utakufa ukianza kulipa!

Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, nadhani mmeshaona ninakoelekea. Sisi tunaitwa watu wa kujitolea. Tunabeba wagonjwa, tunatafsiri usiku wa manane, tunapanga foleni za mgao juani. Mnasema kanuni hairuhusu mkimbizi kuajiriwa. Haya. NCAA nao walikuwa na kanuni.

Mwaka jana shirika moja lilinipa cheti cha mtu bora wa kujitolea, na fulana yenye nembo yao mgongoni. Picha yangu ikaingia kwenye ripoti. Mama alifurahi sana, cheti akakitundika juu ya mtungi wa maji. Posho ya miezi miwili ya kabla ya picha ile, mpaka leo sijaiona, wala wenzangu hawajaiona.

Hafla ya vyeti ya mwaka huu ni Ijumaa. Nimeomba jina langu litolewe kwenye orodha. Badala yake nimeandika barua ya kudai ile miezi miwili, na tumeshaweka saini watu kumi na mmoja. Karatasi iko kwangu mpaka Alhamisi jioni.