Unabeba Nini?

Nina rafiki Nairobi ambaye amemaliza akiba ya miaka miwili kwa kruza moja. Ameinua hendeli, ameshusha kiti, ametia egzosi mpya na kioo kidogo cha mviringo alichoagiza nje. Jumapili anaenda nayo Naivasha, anakula samaki, anarudi. Safi kabisa, pesa ni zake. Kazi hiyo yote anaiita kastom, na akitamka hilo neno anapunguza sauti kama mtu aliyeingia kanisani.

Siku moja nikamwonyesha picha ya Boxer ya ndugu yangu mdogo, mwanaboda wa Kitale. Keria ya paipu nyeusi, pana kama meza. Gadi mbele ya miguu. Kiti kirefu cha leza nyekundu, mwavuli, na raba ya nyuma iliyoandikwa jina la mama yetu. Jamaa alicheka hadi chai ikammwagikia. "Hawa wasee wa kwenu huharibu pikipiki vizuri!"

Sikucheka, na bado sijacheka. Pikipiki yake imebadilishwa ili ipendeze. Ya ndugu yangu imebadilishwa kwa sababu mtu aliyeichora hajawahi kupita njia ya kwetu mwezi wa nne. Kama moja kati ya hizo mbili inastahili kuitwa ubunifu, tuanze na hiyo ya pili.

Banda ninalolijua liko nje kidogo ya mji wa Kitale, barabara ya kwenda Kiminini. Mabati, mashine moja ya kuchomelea, na stima ikipotea kila mtu anakaa kwa stuli kungoja. Ukileta pikipiki mpya, ile ambayo kiti bado kina nailoni, fundi haangalii rangi. Anaikalia, anairusharusha asikie springi, halafu anakuuliza: "Unabeba nini?"

Kila kitu kinatoka kwa jibu lako. Ukisema watu, kiti kinaongezwa urefu kidogo, sponji ngumu inakaa chini na laini juu, na vikanyagio vya abiria vinashushwa ili mama mwenye magoti mabovu asikae kama panzi. Ukisema maziwa, keria inapata mbavu za pembeni za kushika mitungi chini ya usawa wa kiti, kwa sababu uzito ukikaa juu pikipiki inayumba kwenye kona. Ukisema mahindi, hapo anashusha pumzi kwanza. Gunia la kilo 90 likiruka kwenye bampu mara mia, chuma kinachoka, na kinapoanza kuchoka ni pale penye mshono. Kwa hivyo yeye anateremsha miguu miwili ya paipu kutoka kwa keria hadi karibu na bolti za shokabso, mzigo ukae juu ya kitu kilichotengenezwa kuubeba. Halafu anatoa sprokiti ya nyuma na kuweka yenye meno mengi zaidi. Spidi utapoteza, lakini kilima utakipanda na gunia lako bila kuchoma klachi. Hiyo ni fizikia ya Form Three, ile tuliyoikariri usiku mmoja tukaisahau baada ya mtihani. Yeye anaitumia kila siku na hakuna aliyewahi kumpa cheti.

Ukiteremka Bungoma unakuta pikipiki tofauti, na tofauti yenyewe ina sababu zake. Upande wa Chwele, siku ya soko, mzigo ni kuku, ndizi, vitunguu na nyanya, kwa hivyo keria ni fupi na pana, na imezungushiwa vyuma vidogo vya kufungia kamba za raba. Ukipanda kuelekea Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ule udongo mwekundu mvua ikinyesha unateleza kama sabuni. Huko tairi ya nyuma ni ya meno na madgadi ya mbele imeinuliwa, la sivyo matope yanajaa katikati na gurudumu linakataa kuzunguka ukiwa katikati ya mteremko. Mgeni anaona pikipiki iliyochakaa, mwenye macho anaona mkoa mzima umechorwa kwa paipu.

Wala haya hayakuanza na injini. Neno lenyewe, boda boda, lilizaliwa Busia, kwa wale waliovusha watu na mizigo kwa baiskeli kati ya vituo vya mpaka wa Kenya na Uganda miaka ya 60. Baiskeli ile haikutoka kiwandani na kiti cha abiria. Kuna mtu alichukua sponji, akaishona juu ya keria, akaongeza vyuma vya kukanyagia, na kazi mpya ikazaliwa. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250 na zikaanza kumiminika, somo lilikuwa tayari limeshafundishwa. Leo ingia duka la pikipiki utaona modeli zinazokuja na keria nzito na gadi kutoka kiwandani. Sina ushahidi kwamba walimwiga mtu wa Kitale. Ninachojua ni kwamba mtu wa Kitale hakuwangoja.

Sasa nikueleze kwa nini hasira yangu haihusu kicheko cha rafiki peke yake.

Machi 2022, wanaboda walimshambulia dereva mwanamke kwenye barabara ya Wangari Maathai, Nairobi. Ule ulikuwa unyama na sina neno la kuutetea. Msako ukatangazwa, nchi nzima. Ndugu yangu, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapo, akashikwa. Leseni alikuwa nayo, kofia alikuwa nayo, jaketi ya reflekta alikuwa ameivaa. Kosa lake likawa kwamba pikipiki "imebadilishwa". Ilikaa kituoni siku kumi na sita. Kituo sikitaji, maana bado ndugu yangu anapita mbele yake kila asubuhi. Alipoenda kuichukua aliambiwa masharti ni kukata gadi. Aliazima msumeno wa chuma akaikata mwenyewe, hapo hapo uani, huku askari wawili wakimtazama na kumwambia afanye haraka.

Wiki ya tatu baadaye alianguka kwenye murramu, bila gari lolote karibu. Changarawe tu, kona, na pikipiki ikalala upande wa kushoto na mguu wake chini yake. Mfupa ulivunjika mahali pawili. Sidai kwamba gadi ingemwokoa kwa uhakika, sikuwa pale na mimi si daktari. Lakini kazi ya kile chuma ni moja: pikipiki ikilala, ilalie chuma badala ya mguu. Na kile chuma kilikuwa nyuma ya jiko letu, mama amekigeuza kigingi cha kufungia mbuzi. Miezi minne hakufanya kazi, na ile lipa mdogo mdogo haikujua kama mguu umevunjika. Iliendelea kutuma ujumbe kila asubuhi. Tulichanga sisi.

Sheria ya Trafiki inadai kofia, jaketi yenye reflekta, na abiria mmoja. Ni sheria nzuri, na mwanaboda anayebeba watatu asiniletee ngonjera. Lakini muulize mwanaboda yeyote wa Kanduyi au Kachibora kama amewahi kuonyeshwa karatasi inayosema keria iwe na upana gani, au gadi itokeze sentimita ngapi. Kinachopima barabarani ni jicho la askari, na jicho la askari likifika saa saba mchana huwa lina njaa.

Najua utaniambia kuna wanaojiua. Wapo, na siwatetei. Kijana anayeng'oa vioo vya pembeni ili apenye kwenye foleni ya magari ni mjinga. Anayetoboa silensa mtaa mzima uamke saa kumi alfajiri ni mjinga na pia hana adabu. Zile taa nyeupe kali zinazompofusha dereva anayekuja zing'olewe leo. Mwavuli mjini kwenye jua la saa sita ni huruma kwa abiria, lakini mwavuli huo huo kwenye barabara kuu ya Webuye, lori likikupita kwa kasi, ni tanga la mashua. Na mafundi nao hukosea. Nimeona gadi iliyoachwa ncha ya paipu wazi ikichana paja la abiria vibaya sana. Yule mzee wa banda la Kitale hukataa kugusa silensa, na kila ncha ya paipu anaifunika na kuipiga tupa. Jirani yake hafanyi hivyo na anatoza bei nafuu. Leo hakuna kitu kinachomtofautisha huyu na yule, na mbele ya msumeno wa kituo wote wawili ni wahalifu sawasawa.

Rafiki yangu wa kruza anapenda filamu ya Easy Rider ya 1969. Ana bango lake sebuleni: ile pikipiki ndefu yenye tangi la bendera ya Marekani, mama wa chopa zote. Nilimwuliza nani aliitengeneza. Akanitajia waigizaji. Aliyeibuni ni Cliff Vaughs, mwanaharakati Mweusi wa haki za kiraia, na aliyeijenga ni Ben Hardy, fundi Mweusi wa Los Angeles. Walianza na Harley kuukuu za polisi zilizonunuliwa kwenye mnada. Majina yao hayakuwekwa kwenye filamu, na miongo ikapita kabla watu wengi hawajayasikia. Chopa yenyewe ilianza na watu waliotoka Vita vya Pili vya Dunia, wakakata madgadi na vyuma walivyoona havina kazi. Walikuwa wanaharibu pikipiki, kwa lugha ya rafiki yangu. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Lakini hiyo ni tofauti." Nilingoja anieleze tofauti ni ipi. Bado nangoja.

Serikali nayo haijakosa maneno. Mwaka 1985 Moi alienda Kamukunji, akawaona mafundi wanavyochomwa na jua, akaahidi vibanda. Mwaka 1986 akataka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, na Nyayo Pioneer likazinduliwa 1990, magari machache ya majaribio, hadithi ikaishia hapo. Mwaka 1992 ikatoka Sessional Paper nzima juu ya jua kali. Karatasi tunazo. Na wakati gari la taifa lilipokuwa linashindwa kufika barabarani, kulikuwa na watu wasio na bajeti wanaotengeneza vyombo vinavyobeba mgonjwa hadi hospitali na mahindi hadi depo.

Ninachotaka ni kidogo mno hadi inatia aibu kukiandika. Kitale kuna National Polytechnic yenye karakana. Bungoma kuna chuo cha Sang'alo. NITA hupima mafundi wa kila aina na kuwapa vyeti. Leteni keria kumi za mabanda kumi, muweke kilo 90 juu ya kila moja, mzirushe hadi zivunjike, muandike ni ipi ilivunjika wapi. Lalisheni pikipiki yenye gadi juu ya changarawe, mpime nafasi inayobaki kwa mguu. Halafu andikeni kipimo kwenye ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kibandikwe ukutani bandani na pia pale kituoni, ili askari akitaka kukata kitu aonyeshe mstari uliokatazwa. Fundi atakayepita apewe muhuri wa kupiga kwenye chuma chake, na yule wa bei nafuu ajifunze kufunika ncha.

Nilimweleza mzee mpango huu mwezi uliopita nilipompelekea ndugu yangu, ambaye sasa anatembea akichechemea kidogo na anataka gadi mpya. Alisikiliza huku akipima paipu kwa uzi. Akaniambia Jumatatu hawezi, kuna maziwa ya watu. Lakini wakija Jumanne, yuko.