Kinywa Kinachonuka Si Aibu

Sisi wa pwani ya Palma na Mocímboa da Praia tumezoea kuhimizwa kupiga mswaki. Ni vema. Lakini nasema hayo hayatoshi: yatupasa pia tujue kumtazama mtoto kinywani.

Mwaka jana mdogo wangu wa miaka minne alipoondokewa na surua alibaki dhaifu. Siku chache baadaye akakataa uji, mate yenye damu yakamchuruzika, na pumzi yake ikanuka vibaya. Bibi alisema ni meno tu. Shangazi aliona haya, akataka afichwe chumbani wageni wasimwone. Nami, msomi wa sekondari, nilinyamaza! Mama ndiye aliyembeba hadi hospitali. Mwuguzi akamfunua mdomo: nyama iliyo kati ya jino na jino imelika, na juu yake utando wa kijivu. Ukiigusa kidogo, damu.

Ndipo nilipojifunza tofauti. Fizi zilizovimba kwa uchafu wa kawaida hutoka damu wakati wa mswaki, wala haziumi sana. Hizi huuma, hutoka damu zenyewe, huoza na kunuka. Zikiachwa kwa mtoto aliyedhoofishwa na njaa, surua au malaria, huweza kugeuka ugonjwa uitwao noma: shavu huvimba, kisha kwa siku chache hutoboka. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba wasiotibiwa hufa hadi 90 katika kila 100. Mwaka 2023 Shirika hilo liliingiza noma katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Hata hivyo, ikishikwa mapema hutibika kwa dawa za kuua vijidudu, kusafisha kinywa na chakula chema. Wala haiambukizi, basi kumficha mtoto kuna faida gani?

Wako watakaosema mwanafunzi asijifanye daktari. Kweli, wala simwambii mtu atoe dawa. Namwambia afunue mdomo, atazame, kisha ampeleke mgonjwa siku ile ile. Tangu vita vilipoanza kwetu mwaka 2017, wengi wamehama makwao na watoto wengi wamelala njaa. Kwa hiyo kazi hii yatuhusu sisi kuliko wengine.

Mdogo wangu alipona. Likizo hii, nikishawaamkia wazee, neno langu la kwanza kwa kila mtoto litakuwa: "Hebu fungua kinywa nione." Nanyi fanyeni vivyo hivyo.